Mkimbiaji wa Ridhaa na Jeraha Lake

Alasiri ya tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, wanaume 75 walijipanga kukimbia mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki. Waliofika mwisho walikuwa 57. Wa kwanza alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, aliyetumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Wa mwisho alikuwa John Stephen Akhwari wa Tanzania, aliyetumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Dunia imemkumbuka wa mwisho pengine kuliko ilivyomkumbuka wa kwanza, na imemkumbuka kwa haki. Lakini hesabu ya siku ile ina baki. Ukitoa 57 katika 75 hubaki 18, nao ni watu walioanza safari wasiimalize. Miongoni mwao alikuwamo Abebe Bikila, aliyekuwa bingwa wa mbio zile zile mwaka 1960 na mwaka 1964, mtu wa kwanza katika historia kuzishinda mara mbili.

Akhwari na Bikila wote wawili walikuwa na jeraha siku ile. Mmoja aliumia njiani akaendelea. Mwingine aliumia katika mazoezi, akaanza, kisha akasimama. Wa kwanza amesifiwa mashuleni na katika hotuba. Kusimama kwa wa pili hutajwa kwa upesi, kana kwamba ni doa ambalo adabu yataka lifunikwe. Hukumu hiyo haikuchunguzwa vya kutosha. Ili kuipima yafaa kwanza kutazama kwa namna gani watu hawa walikimbia, nao walikimbia kwa ridhaa.

Neno ridhaa katika Kiswahili ni kukubali kwa moyo bila kushurutishwa. Ndilo lililochaguliwa kumtaja mchezaji achezaye kwa kupenda, pasipo ujira, na huenda wateuzi wake hawakujua jinsi walivyolenga shabaha. Maana mwenye ridhaa ana uwezo wa namna mbili: uwezo wa kusema naam na uwezo wa kusema la. Aliyenyimwa wa pili hana hata ule wa kwanza. Kukubali kwake ni utii tu uliovikwa nguo ya hiari. Na hapana jambo lijaribulo ridhaa ya mkimbiaji kama jeraha.

Sheria ya ridhaa ilizaliwa Uingereza katika karne ya 19. Chama cha wanariadha wa namna hiyo kilichoundwa London mwaka 1866 kiliwafungia mlango mafundi na vibarua, kwa hoja kwamba mtu atumiaye mwili wake kupata riziki hawezi kushindana sawa na muungwana. Chama kipya kilichoundwa Oxford mwaka 1880 kiliondoa kizuizi cha tabaka, ila katazo la fedha likabaki. Mkutano alioitisha Pierre de Coubertin mjini Paris mwaka 1894, ambao ndio uliofufua Michezo ya Olimpiki, ulilichukua katazo hilo likawa nguzo. Nguzo hiyo iliwaangukia wengi. Mwaka 1913 Mmarekani Jim Thorpe alinyang'anywa nishani alizozipata Stockholm mwaka uliotangulia, kwa kuwa aliwahi kupokea malipo kidogo katika mchezo mwingine. Mwaka 1932 Paavo Nurmi wa Ufini, mshindi wa nishani tisa za dhahabu, alizuiwa kukimbia Los Angeles kwa shutuma ya kupokea fedha. Tangu mwaka 1952 hadi 1972 Kamati ya Olimpiki iliongozwa na Avery Brundage, ambaye kwake yeye ridhaa ilikaribia kuwa imani.

Sheria hii ilikusudiwa kuulinda moyo wa mchezo, lakini iliusahau mwili wa mchezaji. Muungwana mwenye mali akivunjika mguu hukosa starehe yake ya mwezi mmoja, na daktari wake humjia nyumbani. Mkulima, karani au fundi akivunjika mguu katika mbio ambazo hazimpi hata senti, hukosa chakula cha nyumbani. Mazoezi yake yalikuwa ya alfajiri kabla ya kazi, au ya magharibi baada yake. Jeraha halikujua saa hizo, lilimfuata shambani na ofisini. Gharama ya kujitibu ilikuwa yake, na hasara ya kupumzika vile vile yake. Basi wengi walijifunza kuficha maumivu, wakasahau onyo la wahenga kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.

Katika nchi nyingi dola ndiyo iliyoliziba pengo lile. Majeshi na polisi waliwaandika wakimbiaji, wakawapa mshahara wa askari, nafasi ya mazoezi na tabibu. Kwa maandishi walibaki watu wa ridhaa, kwa sababu walilipwa kwa uaskari wala hawakulipwa kwa mbio. Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikuwa mwanajeshi. Bikila alikuwa katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Kipchoge Keino wa Kenya alikuwa polisi. Mpango huo ulikuwa na heri nyingi, na bila yake Afrika isingalionekana mapema katika viwanja vya dunia. Lakini ulileta swali jipya. Mguu uliotunzwa na dola, je, ni mguu wa nani siku unapouma?

Kabla ya kulijibu, yafaa kufahamu jeraha la mkimbiaji lilivyo, maana halifanani na jeraha la mpiganaji. Mpiganaji hujeruhiwa na adui kwa dharuba moja. Mkimbiaji aghalabu hujeruhiwa na juhudi yake mwenyewe, hatua kwa hatua. Mfupa ni kitu hai. Kila upigwapo na ardhi hupata nyufa ndogo zisizoonekana. Mwili huondoa sehemu iliyochakaa na kuweka mpya yenye nguvu zaidi, lakini kazi hiyo ya kujenga yataka muda. Mwenye kuupa mfupa muda hupata mfupa imara kuliko wa awali. Mwenye kuupiga tena kabla ya ujenzi kwisha huzidisha nyufa, mpaka siku moja zikaungana na kuwa mvunjiko. Ndivyo ilivyo pia kwa misuli na kano. Kwa hiyo mazoezi na jeraha ni watoto wa mama mmoja, na kinachowatenga ni mapumziko tu.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Maumivu ni kawaida ya mkimbiaji; asiyeweza kuyavumilia hafiki popote. Lakini sauti ya uchovu na sauti ya mfupa unaopasuka hufanana sana, na mtu aliyezoea kuishinda ya kwanza huwa mwepesi wa kuipuuza ya pili. Kadiri mkimbiaji alivyo hodari, ndivyo alivyo katika hatari ya kutoisikia. Zátopek aweza kuwa mfano. Mwaka 1956, alipokuwa akijitayarisha kwa Michezo ya Melbourne, alikimbia akiwa amembeba mkewe mabegani, akapata ngiri, ikabidi apasuliwe. Aliagizwa asikimbie kwa muda wa miezi miwili. Alirudi mazoezini mapema, akashiriki mbio za marathoni na kuwa wa sita. Kwa mtu aliyeshinda nishani tatu za dhahabu miaka minne kabla, hiyo ilikuwa machweo. Hata hivyo machweo hayo alijichagulia mwenyewe, na hata baadaye alionekana kuyachukua kwa uchangamfu.

Si kila aliyeumia alipata nafasi ya kujichagulia. Habari ya Kokichi Tsuburaya wa Japani ni ya huzuni, lakini haiwezekani kuirukwa, kwa kuwa njia yake ilikuwa ielekee Mexico. Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Sukagawa, akawa askari wa jeshi la kujihami la nchi kavu. Tarehe 21 Oktoba 1964, mjini Tokyo, aliingia kiwanjani akiwa wa pili nyuma ya Bikila. Maelfu ya watu wa nchi yake walisimama kumshangilia, na mbele ya macho yao Mwingereza Basil Heatley akampita katika mzunguko wa mwisho. Tsuburaya akawa wa tatu. Nishani yake ya shaba ndiyo pekee iliyopatikana na Japani katika riadha za mwaka ule, na taifa lilimheshimu kwayo; lakini yeye aliiona kuwa deni, akaahidi kulilipa Mexico.

Tangu siku ile maisha yake yaligeuzwa kuwa matayarisho. Alitaka kuoa, mkubwa wake jeshini hakuruhusu ndoa ifungwe kabla ya Michezo ya Mexico, na uchumba ukavunjika. Mazoezi yalizidi, na mwili ukaanza kudai haki yake. Mwaka 1967 maumivu ya kiuno yalimlaza hospitali, akapasuliwa. Alipotoka hakuwa tena mkimbiaji yule wa Tokyo, na kila siku iliyopita ilimkaribisha kwenye ahadi ambayo mwili wake haukuweza kuitimiza. Tarehe 9 Januari 1968, akiwa na umri wa miaka 27, alijitoa uhai. Aliacha barua ya kuwashukuru wazazi na ndugu zake kwa vyakula walivyomlisha, na katika barua hiyo alisema amechoka, hawezi kukimbia tena.

Yapo mengi katika kifo cha mtu ambayo wengine hawawezi kuyajua, wala si haki kukipa sababu moja. Lakini jambo moja katika maisha yale li wazi. Tsuburaya alikuwa mkimbiaji wa ridhaa kwa mujibu wa sheria: hakuuza mbio zake kwa mtu. Hata hivyo ruhusa ya kuoa ilikuwa mikononi mwa wengine, na yaonekana hata ruhusa ya kushindwa hakuona aliyempa. Walimtibu kiuno na kano. Hapakuwa na tabibu wa ile ahadi. Sheria iliyochunguza kwa bidii kama amepokea fedha haikuwa na kifungu hata kimoja cha kuuliza kama aweza kusema la.

Aliyempita Tsuburaya na wote wengine Tokyo alikuwa Bikila, na habari yake yafaa kusomwa kando ya ile. Alianza kujulikana usiku wa tarehe 10 Septemba 1960, alipokimbia njia za Roma bila viatu na kushinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao haukuwa umefikiwa na mtu yeyote kabla yake. Miaka minne baadaye, tarehe 16 Septemba 1964, zikiwa zimebaki wiki tano tu kabla ya mbio za Tokyo, alipasuliwa kidole tumbo. Mwalimu wake, Onni Niskanen wa Sweden, alikuwa na sababu ya kukata tamaa. Bikila alirudi mazoezini kidonda kikiwa bado kibichi, akaenda Tokyo, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11, rekodi nyingine mpya. Alipovuka utepe alianza kujinyosha viungo kwenye majani, kama mtu aliyeamka usingizini.

Ushindi kama ule ni mwalimu mwenye hatari. Humfundisha mtu, na hulifundisha taifa lake, kwamba mwili utasamehe kila mara. Lakini kidonda cha kisu cha daktari ni kidonda cha mara moja, kilichosafishwa na kushonwa, na kila siku ipitayo hukiponya. Jeraha la mazoezi hurudishwa na mazoezi yale yale yatakiwayo kwa ushindi. Mnamo Julai 1967, katika marathoni ya Zarautz huko Hispania, msuli wa nyuma ya paja la Bikila uliumia, naye akaacha mbio. Tangu hapo miguu yake haikurudia hali ya kwanza. Katikati ya mwaka 1968 alikwenda Ujerumani kutafuta matibabu ya miguu, kisha akajiunga na wenzake katika mazoezi mjini Asmara, mji ambao siku zile ulikuwa chini ya Ethiopia na ambao mwinuko wake wakaribiana na ule wa Mexico.

Wiki moja kabla ya mbio, huko Mexico, mguu wa kushoto ulianza kumwuma. Madaktari walimpima wakaona mfupa mwembamba wa upande wa nje wa muundi umevunjika. Aliambiwa asiusimamie mguu mpaka siku ya mashindano. Shauri hilo lastaajabisha likisomwa leo, kwa kuwa lakiri kwamba mfupa umevunjika, na papo hapo ladhani kwamba mtu atakimbia kilomita 42 juu yake. Lakini ni nani aliyekuwa na ujasiri wa kumfuta bingwa wa mara mbili? Alikuwa amepewa namba 1 kifuani, kwa heshima ya yale aliyoyafanya Roma na Tokyo.

Mji wa Mexico uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya humusi moja. Bikila alikuwa amezoea hewa ya namna hiyo. Laiti mguu ungalikuwa mzima, mwinuko ungalikuwa rafiki yake. Alianza pamoja na wengine. Baada ya kilomita zipatazo 16 alitoka katika mbio. Mamo Wolde, mwenzake wa nchi moja, mtu wa miaka 36 aliyekuwa tayari amepata nishani ya fedha katika mita 10,000, aliendelea na kushinda kwa tofauti ya zaidi ya dakika tatu. Wa pili alikuwa Kenji Kimihara wa Japani, ambaye alikuwa amekimbia Tokyo pamoja na Tsuburaya na alikuwa rafiki yake.

Siku hiyo hiyo kiwanja cha Mexico kilishuhudia jambo lililoelekea kumpinga kila mwenye kushauri hadhari. Kipchoge Keino alikuwa na maumivu makali ya mfuko wa nyongo. Tarehe 13 Oktoba, katika mita 10,000, maumivu yalimwangusha mizunguko michache kabla ya mwisho. Madaktari hawakutaka akimbie tena. Tarehe 17 akakimbia mita 5,000 na kupata nishani ya fedha, nyuma kidogo tu ya Mohammed Gammoudi wa Tunisia. Na tarehe 20 akashinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 34.9, akamwacha mbali Mmarekani Jim Ryun aliyekuwa na rekodi ya dunia. Kenya ilishangilia, na haikukosea. Lakini mantiki yataka uangalifu: Keino kupona hakuthibitishi kwamba shauri la madaktari lilikuwa baya, kama vile mtu kuvuka mto wenye mamba hakuthibitishi kwamba mamba hawamo. Matokeo mema hayageuzi bahati kuwa busara.

Ndipo inapokuja habari ya Akhwari. Alizaliwa mwaka 1938 huko Mbulu, akafika Mexico kwa ajili ya taifa lililokuwa na umri wa miaka michache. Hakuwa amefanya mazoezi katika mwinuko kama ule, na misuli yake ilianza kukakamaa. Karibu na kilomita ya 19, wakimbiaji walipokuwa wakisongamana kugombea nafasi, aligongwa akaanguka. Goti lilichanika na kuteguka, bega likapiga barabara. Alifungwa bendeji akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea. Alipoingia kiwanjani jua lilikuwa limekwisha kuzama, na mshindi alikuwa amefika saa 1, dakika 5 na sekunde 1 kabla yake. Watazamaji walikuwa wamebaki elfu chache. Walimwona akichechemea kuzunguka kiwanja, bendeji ikining'inia mguuni, wakaanza kumpigia makofi kama apigiwavyo bingwa. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, maneno yanayonukuliwa kuwa yake ni kwamba nchi yake haikumtuma safari ndefu namna ile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Jibu hilo limekwenda mbali, na picha za sinema zilizopigwa siku ile zimelichukua hadi nchi ambazo hazikuwa zimesikia habari za Mbulu. Mwaka 1983 Tanzania ilimtunuku nishani ya ushujaa; mwaka 2000 alialikwa Sydney; mwaka 2008 alikuwa mmoja wa walioushika mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam. Heshima zote hizo ni stahili yake. Lakini sifa ikirudiwa sana huweza kumficha msifiwa, na Akhwari amefichwa na usiku mmoja. Wengi wamjuao kama mtu wa mwisho hawajui kwamba mnamo Julai 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Muda huo ni pungufu kwa sekunde 11 kuliko ule ambao Bikila aliutumia Roma na kuishangaza dunia.

Taarifa hiyo ndogo yabadili maana ya habari nzima. Hapana mtu awezaye kukimbia namna ile kwa goti lililoteguka na kupuuzwa. Kati ya Mexico na Edinburgh ilipita miezi 21, na katika miezi hiyo goti lilipona na mazoezi yakarudi. Sehemu hiyo ya ushujaa wake haikupigiwa makofi na mtu, kwa sababu haina picha: mtu aliyeumia akisubiri, akijaribu mguu, akirudi nyuma, akijaribu tena. Uvumilivu wa kumaliza mbio ulichukua saa chache. Uvumilivu wa kupona ulichukua misimu. Mashule yamefundisha ule wa kwanza yakauacha wa pili, nao ndio ambao mkimbiaji wa kawaida atauhitaji mara nyingi zaidi.

Tena lile alilolifanya Akhwari lilikuwa na masharti yake. Jeraha lake lilitokea katika mbio zenyewe, siku moja ambayo haikuwa na kesho yake. Na kwa kadiri iwezekanavyo kuhukumu kwa mbali, uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake. Hakuna mkubwa aliyesimama kando ya njia kumwamuru. Alisema naam kwa sababu aliweza kusema la, na wengine wengi walisema la siku ile bila kuaibishwa. Mtu akiichukua habari hiyo akaifanya kanuni ya mazoezi ya kila siku, akamwambia kijana mwenye ufa mfupani akimbie kwa sababu Akhwari alikimbia, ametwaa tendo la ridhaa akaligeuza kuwa shuruti. Huko siko kumwenzi Akhwari. Njia hiyo, ikifuatwa mpaka mwisho wake, haiishii katika kiwanja cha Mexico. Huishia katika chumba cha Tsuburaya.

Kwa mizani hii kusimama kwa Bikila kwaonekana kwa sura nyingine. Alikuwa na sababu zote za kutosimama: namba 1 kifuani, cheo alichopewa na mfalme wake, matarajio ya bara zima, na kumbukumbu ya Tokyo iliyomwambia kwamba mwili husamehe. Akiwa na sababu hizo zote, alitoka njiani mbele ya macho ya dunia, kwa hiari yake, akiwa bingwa. Huenda kwa mtu wa namna yake hatua zile chache za kuelekea kando ya barabara zilikuwa nzito kuliko kilomita 42 za Roma. Nyumbani hawakumtupa, baada ya Mexico alipandishwa cheo kuwa kapteni. Yaani palikuwapo na watu waliofahamu kwamba askari aliyesimama kwa jeraha hakukimbia vita.

Yaliyompata baadaye hayakutokana na mbio. Usiku wa tarehe 22 Machi 1969 gari lake lilipinduka, na tangu siku ile hakutembea tena. Alipelekwa Uingereza katika hospitali ya Stoke Mandeville, na mwaka 1970 alishiriki mashindano ya watu waliolemaa kwa kutupa mishale na kucheza tenisi ya mezani. Mwaka 1971 alikwenda Norwei na kushindana katika mbio za sileji zivutwazo na mbwa. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Mtu aliyeweza kubadili miguu kwa mikono, na barabara kwa theluji, hawezi kudhaniwa kuwa alisimama Mexico kwa kukosa moyo. Alikuwa mtu aliyejua kuuliza mwili uliopo waweza nini, akautumia huo, pasipo kuulilia ule uliokwisha kupita.

Sheria ya zamani ya ridhaa haipo tena. Masharti yake yalianza kulegezwa katika miaka ya 1970, na mwaka 1982 chama cha riadha cha dunia kiliruhusu wakimbiaji kuwekewa fedha za mashindano katika mifuko ya dhamana. Wakimbiaji wakubwa wa leo wana mawakala, wakandaji na madaktari. Lakini ridhaa yenyewe haikufa, ilihama. Imewaendea maelfu ya watu wakimbiao Moshi, Nairobi na Addis Ababa kila mwaka, walimu, wauguzi, makarani na wanafunzi, ambao hawatarajii tuzo lolote na ambao huamka alfajiri kabla ya kazi kama walivyoamka wazee wao. Muundi ukianza kuwauma wiki tatu kabla ya mashindano, hawana wa kuwaamuru wala wa kuwazuia. Kwao swali la Mexico ni swali la kila msimu.

Historia haiwezi kuwajibia, kwa kuwa hapana jeraha moja lililo sawa na jingine. Iwezalo ni kuwapa mifano iliyo kamili badala ya nusu. Katika orodha ya matokeo ya tarehe 20 Oktoba 1968 kuna majina 57 yenye muda mbele yake. Chini yake yako majina 18 yasiyo na muda, nayo ni ya watu waliofika mahali fulani barabarani, wakausikiliza mwili wao, wakaamua. Kusoma orodha ile na kuishia kwenye jina la 57 ni kusoma kurasa nyingi za kitabu na kuchana ya mwisho, ambayo juu yake limeandikwa jina la bingwa wa Roma na Tokyo.